Siku Nilipombeba Mkubwa wa Mfuko

Nimechoka kuchekwa mitaani, kwa hiyo heri niseme mwenyewe.

Uasi ulipokwisha, Kisangani haikuwa na petroli wala kazi. Watu walisafiri kwa toleka, baiskeli za kubeba abiria. Mfuko wa maendeleo wa jimbo ukafungua karakana ya kufundisha vijana kuzitengeneza. Mimi, niliyeokota ufundi huo nikitangatanga mtoni toka Basoko, nikapewa ualimu. Hakuna aliyeniuliza kama najua kuendesha. Sikujua. Kila asubuhi niliisukuma baiskeli yangu mpaka kazini, na majirani wakasifu: "Papa huyu anaitunza sana!" Nikaendelea kusukuma. Sifa ni tamu kwa mtu aliyechokea njiani.

Wiki jana mkubwa wa Mfuko, mama mmoja mnene, alikuja kuamua kama mafunzo yataendelea mwaka kesho. Akakaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yangu.

"Bon, fundi, nipeleke sokoni. Niko nataka kuona feza yetu inatembea."

Vijana wakapiga makofi. Ningekataaje? Nilipanda, nikakanyaga pedali, na kabla ya kufika getini tulikuwa sote mtaroni.

Mama akajifuta tope. "Papa, haujue kupanda?"

"Hajue, Mama!" vijana wakajibu kwa pamoja. "Tunajua tangu zamani! Lakini kutengeneza, yeye ndiye ametufundisha."

Akaichunguza baiskeli. Haikupinda popote.

"Alors, mwaka kesho tunaendelea," akasema, akininyooshea kidole mimi niliyekuwa bado chini ya gurudumu. "Na mwanafunzi wa kwanza wa kupanda iko huyu."