Udongo wa Goli la Newala

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto na vumbi la Masasi likiingia mpaka kwenye sufuria, tulipopangwa mstari nyuma ya nyumba ya mwenyekiti wa timu, suruali tumezikunja hadi magotini, tukisubiri wembe.

Kabla sijaendelea, jua anayesema nawe ni nani. Mimi ni mzaliwa wa Kitangari, kule Newala, mtoto wa mkulima wa mikorosho, niliyeteka maji bondeni kabla ya kwenda shule. Nimekuwa mshambuliaji wa kati wa timu kubwa Dar es Salaam. Nimefunga kwa kichwa, kwa mguu wa kulia na wa kushoto, na mabeki waliokuwa wakisifiwa redioni waliomba kutolewa nje mimi nikiwa uwanjani. Goti liliponikataa sikukaa kijiweni kusimulia. Nilirudi darasani, nikakaa dawati moja na watoto wa kuwazaa, nikapata stashahada ya ukocha. Cheti kipo sebuleni, mgeni anakiona kabla hajaonyeshwa kiti. Na nyumba yenye sebule hiyo nimeijenga mwenyewe hapa Masasi, sikuachiwa urithi na mtu. Siyasemi haya kwa kuringa. Basi, kidogo naringa, lakini nimeyatolea jasho, na sitaki udhani unasikiliza maneno ya mtu aliyeshindwa maisha.

Siku hizo nilikuwa nimeshuka kutoka Newala kuja kuchezea Masasi. Mwisho wa mwezi ule tulikuwa na fainali, na wapinzani wetu walikuwa hao hao Newala, kwenye uwanja wao. Mwenzangu wa mbele alikuwa Bakari, Myao wa hapa mjini, mwembamba, mwenye mbio za kumfanya beki ageuke akute mpira umeshapita. Yeye Myao, mimi Mmakonde, kwa hiyo tulikuwa watani. Wewe umekulia kwenye simu, huenda hujui uzito wa jambo hilo. Mtani anakutania harusini na msibani. Anakwambia lile ambalo ndugu yako hathubutu kulitamka, na ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

"Mmakonde, leo umeoga?" Bakari aliniuliza pale kwenye mstari. "Au huko juu kwenu zamu ya maji ya ukoo wako haijafika?"

"Nimeoga. Wewe leo umefanya kazi gani, Myao, zaidi ya kuulizia ngoma inapigwa wapi?"

Wenzetu wakacheka. Hata mganga aliyeshika wembe alicheka.

Timu zote zilikuwa na kamati ya ufundi, na usifikiri walikuwa watu wa kupanga mbinu za mchezo. Walikuwa wazee wa kuzunguka kwa waganga. Safari hii walikuwa wametuma mtu Newala kwa siri, akachota udongo katikati ya goli, pale ambapo mbuzi na ng'ombe hulala usiku. Mganga aliuchanganya na dawa yake nyeusi. Wembe ulikuwa mmoja, miguu ya timu nzima. Unachanjwa kwenye ugoko, kisha udongo unasuguliwa ndani ya damu, ili goli lile likuzoee na lisikukatae. Sharti lake lilikuwa kwamba tusioshe mguu siku hiyo, na asipatikane mtu wa kuchomwa sindano mpaka mechi iishe, maana sindano inavunja dawa. Nilichanjwa na mimi kama wengine.

Tulifanya mazoezi vizuri kwa siku kadhaa. Halafu asubuhi moja Bakari akashindwa kufungua kinywa anywe maji. Tulidhani anafanya mzaha. Jioni shingo yake ilikuwa imekaza, na kesho yake mtu akigonga mlango tu, mgongo wake unajipinda juu ya mkeka mpaka kisigino na kisogo ndivyo vinagusa chini. Kamati ikasema Newala wamemfunga kinywa. Wakampeleka tena kwa mganga.

Mama yake, Mama Bakari, mjane aliyekuwa akikaanga vitumbua sokoni, aliwafuata huko huko akamtoa mwanawe mikononi mwao, akampakia kwenye gari la mizigo mpaka hospitali ya Ndanda. Daktari alimtazama mara moja tu akasema ni pepopunda. Akauliza kidonda kiko wapi. Mama akakunja suruali ya mwanawe, akaziona chale. Daktari akamwambia, "Mama, wote waliochanjwa pamoja naye waje upesi wachomwe sindano, kabla hayajawapata haya." Bakari alifariki kesho yake katika chumba kilichozibwa mwanga, kwa sababu hata mwanga ulimtesa.

Maiti ikiwa bado iko ndani, Mama Bakari alimwita mwenyekiti uani akamweleza maneno ya daktari. Nilikuwa jirani, napanga viti, nikasikia jibu.

"Pole sana, Mama Bakari. Lakini vijana wakichomwa sindano sasa hivi, mwanao atakuwa amekufa bure. Tushinde kwanza, nitawapeleka mwenyewe."

Mwenyekiti alipoondoka, mama yule aliniita mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mtani, mwenzako anatolewa sasa hivi na wewe hujamtania."

"Mama, siwezi."

"Utaweza. Mimi nikisema, watasema uchungu umenichanganya. Wajomba zake wakisema, utakuwa ugomvi msibani. Wewe hakuna wa kukukasirikia. Ila usiwachekeshe tu wakaenda zao."

Jeneza lilitolewa likawekwa uani, wanaume wamejaa, wachezaji wote wapo. Nikajifunga kanga kichwani, nikaokota kijiti. Kwanza nilikimbia kama Bakari, mabega juu, ulimi nje, nikashangilia bao kama alivyokuwa akishangilia, na watu wakacheka huku wanajifuta machozi. Kisha nikawa mganga. Nikashika kijiti kama wembe, nikapita kwa mchezaji mmoja mmoja, nikimwigiza mwenyekiti kwa sauti yake ya puani: "Mguu! Haya, mwingine! Hata mbuzi wa Newala wamechangia!" Uani pakalipuka kwa kicheko. Mwenyekiti naye alicheka, maana desturi inamlazimu.

Ndipo nikauma meno. Nikajitupa chini kando ya jeneza, nikajikaza, nikaupinda mgongo kama nilivyomwona Bakari akijipinda. Kicheko kilikatika kama redio iliyoishiwa betri. Nikiwa pale chini, meno yamefungwa, nikasema, "Mwenyekiti, daktari anatungoja. Wembe ulikuwa mmoja. Nani anafuata?"

"Huyu mtani amevuka mpaka!" mwenyekiti akafoka. "Mwinueni!"

Mama Bakari alikuwa amesimama mlangoni. Hakupaza sauti.

"Mtani hana mpaka, Mwenyekiti, unajua hilo. Nyie wanangu, mbele ya wembe mlijipanga wenyewe, hamkusukumwa. Sasa mnaogopa kujipanga mbele ya sindano? Mkazikeni mwenzenu, halafu gari litakalombeba ndilo liwafikishe Ndanda. Mmoja amenitosha."

Tulizika. Kutoka makaburini wengi wetu tulipanda gari bila kutazamana. Saidi, kipa na nahodha wetu, alibaki chini amesimama karibu na mwenyekiti.

"Panda, nahodha," nikamwambia.

"Nenda wewe, mtu wa Newala. Umewatoa wachezaji wetu bila hata mpira kupigwa."

Saidi alikazwa taya siku chache kabla ya fainali. Walipomfikisha Ndanda hakuweza hata kumeza mate. Alizikwa karibu na Bakari, na kwenye msiba wake nilizuiwa kuingia uani. Walisema siku ile nilipojilaza chini nikijikakamaza ndipo nilipompelekea ugonjwa. Baadhi ya waliosema hivyo nilikuwa nao kwenye gari, walikuwa wamechomwa sindano ile ile, na walikuwa hai kwa sababu yake.

Niliondoka Masasi na viatu vyangu vya mpira ndani ya mfuko wa salfa, ile dawa ya kupulizia mikorosho. Dar es Salaam nilifika si kwa kuitwa, kama ninavyopenda kusimulia kwenye harusi. Nilifika kwa sababu hapa hapakuwa na mlango ulionifungukia. Mabao yote unayoyasikia nilianza kuyafunga nikiwa mtu aliyefukuzwa kwa uchawi. Mwenyekiti yule alizeeka kwa heshima, akazikwa na umati. Mama Bakari alifariki nikiwa kambini, na sikupewa ruhusa ya kuja kumzika. Nimerudi na cheti na nyumba yangu, na bado wapo wazee wanaokunja mkono nikiwapa salamu. Hayo hayajaisha wala sitegemei yataisha.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu, wewe unayevaa jezi ya mshambuliaji leo. Kamati bado zipo. Zimebadilisha jina tu, na wembe siku hizi huwa mpya, lakini bado wapo watakaokwambia ufiche maumivu mpaka mechi iishe. Mwili wako ukikwambia kitu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na asiyekupa ruhusa mwache na kombe lake. Mwenzako akiumia usisubiri mkubwa aseme. Kama una nafasi ya kusema ambayo wengine hawana, iwe ya utani, ya unahodha au ya cheti ukutani, itumie kusema hadharani mapema, mtu akiwa bado anaweza kupanda gari. Na usitarajie kushukuriwa. Ukingoja shukrani utachelewa, na atakayezikwa hatakuwa wewe.

Nenda mazoezini sasa. Mungu akulinde na wote wanaokupenda kwa ajili ya ushindi peke yake, akupe wenzako wa kukwambia ukweli hata ukiwachukia, na mama yako azeeke akikuona unarudi nyumbani kwa miguu yako mwenyewe.