Usimtamkie Mtoto Hawezi

Nyumbani kwetu, katika mji wa Blaine huku ughaibuni, neno "hawezi" lilikuwa limepigwa marufuku. Mwanangu alizaliwa na mtindio wa ubongo. Hatembei, na mikono yake hufanya inavyotaka yenyewe. Lakini mume wangu aliamini kwamba ukimtamkia mtoto udhaifu, umemfunga nao. Kanisani kwetu, Wakenya watupu, ndivyo tulivyozoea. Mtu akikuuliza mtoto anaendeleaje, unajibu anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu, naye anaitikia amina. Hakuna anayetaka kusikia habari za nepi za mtoto wa miaka tisa.

Basi tulipoomba msaada wa serikali kwa ajili ya ulemavu wake, mama mmoja wa ofisini akapiga simu kutuhoji. Mume wangu aliiweka simu kwenye spika, akajibu kama mtu aliyepewa nafasi ya kutoa ushuhuda. Anakula mwenyewe? Anakula vizuri sana. Anavaa nguo? Anavaa. Ndiyo, anavaa, nikimvisha mimi! Nilikuwa nimesimama papo hapo jikoni, kijiko cha uji mkononi, nikimlisha huyo huyo anayekula vizuri sana. Nilimtolea macho mume wangu, naye akanipa mgongo.

Tukakataliwa. Nililia kwa hasira, wala si kwa huzuni. Msaada ule ndio ungeniwezesha kuacha zamu za wikendi katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Huko nilikuwa nikiwaosha, kuwalisha na kuwageuza kitandani wazazi wa watu, huku mwanangu akingoja kugeuzwa na baba ambaye naye ametoka kazini hoi.

"Kwani ulikuwa unahojiwa ama ulikuwa unahubiri?" nilimuuliza.

"Mama, mimi sitamtamkia mtoto wangu hawezi. Not in this house."

"Sawa. Tuta-appeal, na siku hiyo nitaongea mimi. Wewe uta-drive tu."

Msaada tulikuja kuupata baadaye. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kile chumba cha mahakama mjini Saint Paul tulimoitwa kusikilizwa rufaa. Theluji ilikuwa imeanguka tangu alfajiri. Jaji alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, anayeuliza kidogo na kuandika sana. Alinitaka nimweleze siku ya mwanangu tangu anapoamka.

Nikamweleza. Hawezi kufunga kifungo. Hawezi kushika kikombe bila kujimwagia. Hawezi kujipangusa chooni. Nyama lazima niisage, la sivyo itamkaba. Yote haya niliyasema kwa Kiingereza, lugha ya mwanangu, naye amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu kando yangu, na sweta yake ya Krismasi, akisikia kila neno. Mwili wake haumtii, lakini akili yake ni wembe. Nilijiona kama ninayemvua nguo mbele ya wageni. Sikuthubutu kumtazama. Nilimchukia jaji kwa kuuliza, nikamchukia mume wangu kwa kukodolea macho viatu vyake, akiniachia mimi peke yangu uchafu wa kusema.

Nilipomaliza, jaji akamgeukia mwanangu, akamuuliza kama angependa kuongeza chochote. Maneno ya mtoto hutoka polepole, yanajivuta, na watu wengi humkatiza kabla hajafika mwisho. Jaji alingoja.

Mwanangu akasema mama amesahau moja. Usiku mgongo ukimwasha, hawezi kuufikia.

"Huwa unamwita nani?" jaji akauliza.

"Simwiti mtu. Daddy husikitika nikisema siwezi."

Nilisikia kalamu ya jaji ikiwekwa mezani. Nilitaka kumkumbatia mwanangu, nikashindwa hata kuinua mkono. Nilijiuliza ni usiku ngapi amelala vile, macho wazi, akituhurumia sisi.

Mume wangu akainua uso. Alikuwa analia waziwazi, mtu ambaye hata kwenye mazishi ya mama yake sikumwona akilia.

"Mheshimiwa," akasema, "hiyo nayo iandikwe. Mtoto wangu hawezi."

Kisha akasogeza kiti, akaingiza mkono ndani ya ile sweta na kuanza kumkuna mgongo, palepale mbele ya jaji. Mwanangu akafumba macho.

"Chini kidogo, Daddy," akasema.