Mashina Kumi, Tendo Moja

"Shemeji, kiwavi hajui Salamu Maria!"

Makarius alikuwa amesimama kwenye mpaka wa shamba lake na la mama mkubwa wangu, Imakulata. Kiganjani ameshika kiwavijeshi mzima, anajikunja.

"Huyu hapa. Muulize kama anajua hata ishara ya msalaba. Wewe unahesabu rozari, wao wanahesabu majani. Wakimaliza kwako wanahamia kwangu. Mimi nimeshachoka, shemeji. Nimechoka!"

Imakulata hakuinuka. Alikuwa ameinamia mhindi, amechovya vidole katikati ya majani, anatafuta.

"Sijamwambia asali," akasema. "Nasali mimi. Yeye kazi yake kufa tu."

Akamtoa mmoja mnene, akamminya, akajipangusa kwenye kanga. Akatia majivu kidogo kwenye moyo wa mhindi, midomo inatembea, akahamia shina linalofuata.

"Na hilo ndo tendo gani unafanya hapo?" Makarius akauliza kwa dharau.

"Tendo la uchungu. Huoni mgongo wangu?"

Mimi nilicheka. Makarius akanitupia yule kiwavi wake, akaondoka anatukana kimyakimya.

Kwa asiyejua rozari: ina matendo matano, ya furaha au ya uchungu kufuata siku, na kila tendo lina Salamu Maria kumi. Imakulata aliifanya ndo kipimo cha kazi. Mashina kumi, tendo moja. Kila shina Salamu Maria moja, kiwavi mmoja au wanne, majivu, basi. Akifika shina la kumi ananyoosha mgongo, anasema "Atukuzwe Baba", anakunywa maji. Ekari nzima hiyo. Alikuwa na miaka sitini na mbili.

Nilimsaidia siku mbili nikashindwa. Sidanganyi, nilishindwa kwa kinyaa. Yule mdudu ukimminya anatoa uji wa kijani, unaingia chini ya kucha, unaosha kwa sabuni, unaosha kwa mchanga, ukikaa kula ugali harufu yake ipo palepale. Na mavi yake yamejaa kwenye jani kama unga wa mbao uliolowa. Yeye alikuwa anaosha mkono mara moja tu, anakula. "Dunia nzima imekula uchafu mwaka huu," anasema, "mimi nijifanye nani?"

Kweli watu walikuwa wamekula uchafu. Mwaka uliopita mvua ilikatika Februari, mpunga ukakaukia kwenye majaruba ukiwa na mimba. Mwaka huu mvua ikaja vizuri, na viwavijeshi nao wakaja, kutoka Sitalike mpaka huku kwetu Mpimbwe. Watu walikunywa uji wa pumba wenye chumvi. Tukanunua dawa ya viwavi dukani, tukapiga, viwavi wakanenepa. Ilikuwa feki.

Na kila unayemgusa anakuambia Mungu yupo. Unamuuliza mtu amekula nini jana, Mungu yupo. Unamuuliza watoto wanaendeleaje, Mungu yupo. Hata yule mwenye duka, tulipomrudishia chupa zake, alisema Mungu yupo, akafunga dirisha. Nilifika mahali nikisikia hilo neno nataka kutapika. Kwa Imakulata tu ndo sikuwahi kulisikia. Yeye ukimuuliza amekula nini anakuambia, "Sijala. Nina njaa, usinisemeshe."

Huyo mama ndiye aliyenilea. Mama yangu mzazi alienda Mpanda mjini akaolewa na mtu mwingine, mimi nikabaki kwa dada yake. Mume wake Telesphor, ambaye ni kaka yake Makarius, alikufa kwa tumbo, alilala Jumatatu akazikwa Alhamisi. Imakulata alikaa matanga, akainuka, akaenda kupalilia. Watu wakasema hana machozi. Nilipoacha shule kidato cha pili, wenzangu walipigwa na wazazi wao, yeye akanipa jembe. "Shika," akasema, "hili halina mtihani." Ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo, ile ya kusali nyumba kwa nyumba kila Jumamosi, miaka kumi na moja sasa. Na ile ekari moja ndo ilikuwa chakula chake na cha mjukuu wake Mercy mpaka mwaka unaofuata. Ghalani kulikuwa na panya tu, na panya wenyewe walikuwa wamekonda.

Sasa ikaja ile Jumapili ya kubariki maji.

Padri anafika kigango chetu mara moja kwa mwezi. Wanawake wa jumuiya walikubaliana walete maji kwa Imakulata, padri akitoka misa apite ayabariki, kila mtu akanyunyize shambani kwake. Wakaja na madumu ya lita ishirini, yale ya njano ya mafuta ya kula, wakayapanga ukutani. Yote yanafanana. Kwetu dumu la njano ndo kila kitu, ndo maji, ndo pombe, ndo dizeli.

Na mimi nilikuwa na langu.

Kazi yangu wakati ule ilikuwa kupiga dawa ya magugu kwa bomba la mgongoni, kibarua. Makarius alinipa dawa yake nimsafishie pori alilotaka kulima. Mimi huwa naichanganya nyumbani, kali, kwenye dumu, nikifika shambani naweka makopo mawili kwenye bomba, najaza maji. Jumamosi nilichanganya, nikaliweka dumu ukutani kwa mama mkubwa. Sikuandika kitu. Jumapili asubuhi rafiki yangu akapiga simu, kuna lori linaenda Ikola, ziwani, kupakia dagaa, wanatafuta mtu wa kubeba. Nikaruka. Nilisema nikirudi nitamalizia. Bomba lenyewe nililiacha limeegemea palepale.

Nilikaa Ikola siku kumi na mbili.

Niliporudi nilikuwa nanuka dagaa mpaka kwenye nyusi. Nilipita shambani kwanza, maana ndo njia. Nikasimama.

Robo ya shamba, upande wa mtoni, ilikuwa kijani, na viwavi wake wachache. Robo tatu ilikuwa njano. Njano ya kufa, majani yamelala kama matambara. Juu ya hayo majani yaliyokufa viwavi walikuwa bado wanatembea, wanatafuta pa kula. Kati ya kijani na njano palikuwa na mstari umenyooka kabisa, umefuata tuta moja, kama mtu alivuta kamba.

Ugonjwa hauvuti kamba. Nilijua hapohapo. Nilikimbia mpaka nyumbani, nikakuta dumu langu ukutani, tupu. Kwenye mpini limefungwa kitambaa cheupe cha baraka.

Imakulata alikuwa jikoni. Nilimuuliza kitu kimoja tu:

"Mama, yale maji ya baraka mliyanywa?"

"Tulikunywa ya dumu langu, siku ileile. Mbona unauliza?"

"Na hili lingine?"

"Lilibaki. Kila mtu alichukua lake, likabaki langu na hilo. Séverine wa jumuiya akasema Mungu ameniongezea. Kunyunyiza kwa matawi tungemaliza lini? Tukatia kwenye bomba lako, makopo mawili mawili kama unavyofanya wewe, tukajaza ya kisima, likaishia kwenye tuta la kule mtoni." Akaninusa. "Nenda kaoge, unanuka kama mwalo wa samaki."

Hakuwa ananiangalia. Uso wake ulikuwa umeingia ndani. Nilifungua mdomo, akaingia Mercy na kuni, nikaufunga. Nikaenda kuoga. Huo ndo ukweli, nilienda kuoga.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, jumuiya ikasali hapohapo kwake. Walipomaliza hawakuondoka. Séverine, huyu ni mama mwenye asili ya Burundi, aliolewa huku kutoka makazi ya wakimbizi ya Katumba, ndiye aliyeanza. Alianza kwa upole, na upole wa namna hiyo unanuka kuliko dagaa.

"Mama mwenyekiti, sisi ni familia. Mashamba yetu sote tumenyunyiza maji yaleyale. Yako kijani. Lako tu ndo limeungua. Tunasema tu... kama kuna kitu hukuungama."

"Nimeungama," Imakulata akasema.

"Chote?"

Mama mmoja akasema labda lile suala la matanga ya marehemu, kwamba hakulia. Mwingine akakumbusha kwamba alisali huku anaua wadudu, mikono michafu, labda Bikira Maria hakupenda. Wanasema na wanatikisa vichwa, wanamhurumia, na macho yao yanang'aa. Walikuwa wamekunywa uji wake wa mwisho nusu saa iliyopita. Makombo yalikuwa bado kwenye midomo.

Makarius naye alikuwepo, na huyo huwa haji jumuiya hata Pasaka. Alikuja kuonja.

"Nilisema mimi," akasema. "Nilisema kiwavi hajui Salamu Maria. Sasa naona hata Mungu hakukusikia, shemeji. Au alisikia vibaya." Akacheka mwenyewe. Halafu akanigeukia: "Na wewe Fabiani, umerudi? Dawa yangu ya magugu iko wapi? Pori linanisubiri."

Nilimwona Imakulata. Alikuwa ameangalia mikono yake, anaigeuza, kama anatafuta kilichochafuka.

"Dawa yako iko shambani kwa mama," nikasema.

"Kivipi?"

"Imeshapigwa. Lile dumu la pili halikuwa la baraka. Au lilikuwa la baraka, padri alilibariki na yale mengine, sijui. Ila ndani ilikuwa dawa ya magugu. Niliiacha hapo mimi. Sikuandika."

Mbuzi alilia huko nje.

"Mana yanje, Mungu wangu," Séverine akasema, akajishika mdomo. Kisha akasema haraka, "Mimi nilijua! Nilisikia harufu!"

"Ulisikia harufu, na ukasema Mungu ameniongezea?" Imakulata akamuuliza.

"Nilidhani ni harufu ya bomba, mama."

Makarius akaruka kutoka kwenye kigoda. "Dawa yangu! Lita tano zile! Nani atanilipa?"

Yaani mtu amepoteza chakula cha mwaka, ni mke wa kaka yake, na yeye analia dawa. Nilimwangalia yule mzee kwa kinyaa kama cha siku ile ya kwanza ya kuminya viwavi. Halafu nikakumbuka na mimi nilienda kuoga.

Imakulata alikuwa ameinua kichwa.

"Kwa hiyo si Mungu," akasema.

"Si Mungu, mama. Ni mimi."

"Wiki nzima namuuliza nimemkosea nini. Wiki nzima! Nimemuungamia mpaka maziwa ya shangazi niliyoiba nikiwa msichana. Nimeungama vitu ambavyo sijafanya, nikasema labda nimesahau." Alisimama, akanifuata. Nilidhani ananikumbatia. Alinizaba kofi, moja, la mkono uliozoea jembe, sikio likalia. "Na wewe tangu jana ulikuwa unajua, ukala na kulala."

"Ndiyo."

"Mbwa wewe."

Akawageukia wenzake. Hakupiga kelele. "Mmemaliza kunitafutia dhambi? Basi kila mmoja alete marando ya viazi vitamu ya kupanda kutoka bustanini kwake, Jumatatu asubuhi. Mahindi hayarudi, mvua bado ipo. Séverine, wewe ulete mara mbili, Mungu amekuongezea."

Nikasikia mtu anacheka huko nyuma, kisha wote. Makarius hakucheka. Alipoona hakuna anayeuliza habari ya dawa yake, akachukua kofia yake.

Jumatatu walileta. Wengine walileta marando mazuri, wengine walileta yaliyonyauka, na hao wenye yaliyonyauka ndo walioimba kwa sauti. Nilipiga matuta tangu alfajiri, nang'oa mahindi niliyoyaua, mikono inanuka uozo. Imakulata anapanda nyuma yangu. Alinipa tuta langu nipande mwenyewe.

"Mashina kumi, tendo moja," akasema.

"Mama, mimi hayo matendo sijui hata yanaanzaje."

"Sijakuambia usali. Nimekuambia uhesabu. Usipohesabu utaruka, nakujua."

Nilihesabu. Siku ya tatu tulikuwa tumefika karibu na ule mstari, upande wa kijani uko palepale, na viwavi wake. Simu ikalia mfukoni. Lori la Ikola liko njia panda, linaondoka saa hiyohiyo, niende au wachukue mtu mwingine. Nilikuwa nimeshika rando la nane.

"Ni lori?" akauliza bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Utaleta dagaa?"

"Nitaleta."

"Wasiwe wa kuoza kama shati lako. Malizia kumi."

Nikalifukia la nane. La tisa. La kumi lilikuwa limenyauka, lile la Séverine, nikalitupa, nikatafuta zima, nikalipanda. Yeye alikuwa ameshahamia kwenye mahindi yaliyobaki, amechovya vidole kwenye moyo wa mhindi, midomo inatembea. Nilipangusa mikono kwenye suruali, nikashika njia.