Mkono Uliokonda Dirishani kwa Mwalimu

Ta, ta, ta. Mbegu za papai zinadondoka kwenye sinia la bati. Ni saa kumi na nusu alfajiri, Tandale, na chumba cha Mwanabaraka Fakihi kina taa moja ndogo ya sola. Anamenya, anakata, anapanga vipande kwenye mabakuli huku akinong'ona majina ya wateja wake, mmoja mmoja.

"Zamani sikuwa nauliza mtu afya yake," anasema mama huyu wa miaka hamsini na mbili, mzaliwa wa Lindi. "Mie nilikuwa nauza tu."

Kwa miaka tisa amewapelekea watu matunda ya kifungua kinywa, mabakuli thelathini kwa siku njema. Mbiu yake ilijulikana mtaa mzima: "Matunda ya asubuhi ni dawaa! Yanasafisha damu!"

Mbiu hiyo ilifika hadi nyumba ya mwisho, kwa Mwalimu Editha, mstaafu anayeishi peke yake. Mlango wake haukufunguliwa. Kila asubuhi Mwanabaraka aligonga nondo za dirisha, pazia likasogea, mkono ukatoka, ukapokea bakuli, ukarudi gizani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mungu akulipe."

Basi. Mwaka mzima hakuuona uso.

"Mama Matunda, unalisha jini wewe!" alimtania Abdulrahman, fundi viatu wa jirani. "Ipo siku mkono huo utakuvuta ndani."

"Jini gani anayesema Mungu akulipe? Shona viatu vyako!"

Lakini baada ya mfungo wa mwaka huu, aliona mkono unakonda. Pete ililegea kidoleni, kisha haikuonekana tena. Nyuma ya nyumba, pale maji ya bafuni yanapotokea, sisimizi walijaa, weusi, kimya, wakipanda ukuta kama wameitwa.

"Nilidhani ni njaa," anasema.

Akafanya afanyavyo muuzaji yeyote wa Tandale kwa mteja anayempenda: akaongeza nyongeza. Kwanza ndizi mbivu. Kisha embe. Mwishowe akamwagia asali juu. Kadiri alivyoongeza, ndivyo mkono ulivyozidi kubaki mifupa.

Siku moja alichelewa, akafika jua limeshapanda. Mkono ulitoka, ukapapasa hewa, ukalipita bakuli. Sauti ikauliza taratibu:

"Mwanabaraka, mbona siku hizi hakuchi?"

"Nywele zilinisimama," anakumbuka. "Jua lilikuwa linaupiga mkono wake."

Alimwita Abdulrahman, naye akavunja kitasa cha mlango bila neno la utani. Ndani, mezani, pakiti za vidonge vya kisukari zilikuwa zimepangwa kwa mstari, hazijaguswa kwa miezi. Alimbeba mwalimu mgongoni hadi kwenye bajaji, na hajawahi kumkumbusha mtu wema huo.

Kwenye kituo cha afya, sukari ilisoma ishirini na nane, zaidi ya mara tatu ya kawaida; ndiyo iliyokuwa ikitoka kwenye mkojo na kuwaita sisimizi. Muuguzi Demetria aliuliza nani alimwachisha dawa.

"Uliniambia matunda ni dawa, mwanangu," Mwalimu Editha alimjibu Mwanabaraka, si muuguzi. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomkalisha Mwanabaraka sakafuni.

Demetria alimletea maji ya kunywa kabla ya kumweleza. "Matunda asubuhi ni mazuri, mama, usiache kuuza. Lakini ni chakula, hayachukui nafasi ya vidonge. Mwenye kisukari ale kipande cha papai au pera, kwa kiasi, pamoja na yai au maharage. Asali aache."

Mwalimu alilazwa wiki mbili. Macho yamerudi kuona, ingawa si kama zamani. Nyuso za watu bado anaziona kama zimo ndani ya moshi.

Mbiu ya zamani imekufa. Sasa Mwanabaraka huuliza kwanza: una sukari? Unatumia dawa gani? Wengine humcheka kwamba amegeuka daktari. Matumaini yake ni Demetria aje mtaani kwao mara moja kwa mwezi na kipimo cha sukari, kabla mkono mwingine haujakonda mbele yake.

Asubuhi hii anakaa kitandani kwa mwalimu, nusu pera na yai la kuchemsha vikiwa kati yao. Anangoja vidonge vimezwe, ndipo anainuka.

Mwalimu Editha anapapasa, anaupata upindo wa kanga ya Mwanabaraka, anaushika.

"Kesho uje tena," anasema. "Hata kama huna tunda, uje."