Mnavu wa Zebedayo

Ukitaka kumjua Jenoveva, tazama shamba lake. Mwanamke huyu, ambaye Myamba nzima inamwita Mama Irine, hajawahi kulala akijua kuna gugu limesimama kwenye mahindi yake. Jirani yake Zebedayo ni mtu mwingine kabisa: hupanda, akaenda zake, akarudi kuvuna. Miaka ishirini Mama Irine amemsema kwa uvivu huo. Hata Jumapili ile alimsema nje ya kanisa, watu wakicheka.

Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, tulishaonywa.

Maana Jumanne yake, kliniki, nesi alimzungushia Careen, mjukuu wa Mama Irine, utepe wa kupimia lishe mkononi, ukasoma njano: mtoto anaanza kupungukiwa. Careen ana mwaka na nusu. Mama yake, Irine, anafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huko tambarare, na mtoto kamwachia bibi.

"Anakula nini, mama?" nesi aliuliza.

"Uji wa sembe. Mara nne kwa siku, simpunji."

"Tumbo linajaa, mwili haupati kitu. Mpikie mboga ya mnavu, umtilie karanga za kusaga, na maharage umpondee. Mnavu si unajiotea tu shambani?"

Shambani kwa nani? Kwa Jenoveva mnavu hauruhusiwi kutoa jani la pili. Aliogopa, tena sana. Akilini alishamwona Irine akirudi Krismasi na kumkuta mtoto hajiwezi, na bibi mtu yupo na shamba lake safi.

Alikwenda moja kwa moja kwa Zebedayo, mtoto mgongoni. Akamkuta, maajabu ya Musa, anapalilia! Maneno ya kanisani yalikuwa yamemwingia. Matuta mawili yalishabaki udongo mtupu, mnavu umelala chini umenyauka.

"Weka jembe chini," Mama Irine alisema.

"Shikamoo, mama. Si wewe mwenyewe uliyesema..."

"Marahaba. Nilisema, na nimekosa. Mtoto anakonda, Zebedayo. Naomba mnavu."

Angeweza kumcheka, haki alikuwa nayo. Badala yake alilaza jembe, wakachuma pamoja mpaka kapu likajaa.

Kliniki ya tatu utepe ulisoma kijani, na siku hizi Careen anakimbiza kuku wa watu. Nalo shamba la Mama Irine, palepale kando ya njia, lina kipande kisichoguswa na jembe, mnavu umefika magotini. Wapita njia humwuliza kama anaumwa.

"Siumwi," huwajibu. "Mjukuu wangu anakula hapo."