Neno ya Mukubwa ya Mama

Leo mwanamuke moja aliingia mu duka yetu ya Mbugangari ananukia marashi ya waridi. Nikamufuata na macho mbaka akatoka. Ile harufu mi siiamini.

Nilikuwa mutoto. Siku ya misa, mimi na mama tulikuwa tumekaa benchi ya mbele. Mukubwa yake ya kazi, mama moja alikulia Uganda, anapenda kuchanganya Kiingereza, akafika amechelewa, ananukia ile marashi, iko pamoja na mugeni. Akamuonyesha ule mugeni mama yangu: "Uyu ni sabodineti wangu."

Mama akacheka kidogo, akasimama, akawaachia nafasi.

"Mama, sabodineti ni nini?"

"Ni cheo, mwanangu. Simama."

Nilipokomaa nilijifunza Kiingereza peke yangu, na ile ndio neno ya kwanza nilitafuta: mutu iko chini ya mwingine. Lakini siku ile sikuijua. Niliwaza tu, cheo gani inasimamisha mutu mu kanisa? Bon, mi nikabakia nimekaa.

"We mutoto, sogea," mukubwa akasema.

"Mi siko sabodineti yako."

Batu ya nyuma wakakohoa. Mama akanifinya paja mbaka machozi ikatoka. Kisha akapanga kitenge yake vizuri, akakaa tena pembeni yangu, akaangalia altari.