Kifuniko cha Nne

Fundi wa pale Mkula akiletewa kifuniko cha gurudumu hukigonga kwa ukucha, akasikiliza, kisha hukifuta kwa shati na kusema, "Siyo hiki." Vitatu vya ile Pijo ya zamani alishavipata; cha nne alikitafuta hadi Malinyi, maana Jumamosi gari linabeba maharusi. Jana Levina alimkuta makaburini, amechuchumaa kwenye kaburi la mumewe, aliyekuwa dereva wa Pijo hiyo. Levina mwenyewe ndiye aliyekichomoa kile kifuniko siku ya mazishi, akakiweka juu ya kaburi, kando ya kikombe cha marehemu. Fundi alikigonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndicho?"

Alikifuta kwa shati muda mrefu, akakirudisha juu ya udongo. "Siyo hiki, mama," alisema, na Levina hakujua amshukuru au ambishie.